Njia ya Kufundisha na Tegemeo la Mwanafunzi: Uhakiki wa Elimu ya Watu Wazima katika Bukoba na Muleba

1. Utangulizi

Mjadala juu ya elimu ya watu wazima nchini mwetu umekuwa kwa muda mrefu mjadala juu ya njia za kufundishia. Wapo wanaoshutumu kukariri, wapo wanaotetea mihadhara, na tangu mitaala ya sekondari ya mwaka 2005 ilipoweka mkazo juu ya umahiri, wapo wengi zaidi wanaoamini kwamba mbinu shirikishi ni dawa ya kila ugonjwa wa darasani. Vyuo vyetu vya theolojia navyo vimeingia katika mjadala huo. Mwanafunzi anaposhindwa mtihani tunauliza alifundishwaje. Ni mara chache tunauliza aliishije kati ya kipindi kimoja na kingine, alisoma kwa taa gani, kitabu alikipata kwa nani, na nani alikwenda kumwuliza hali alipokosa kuhudhuria.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki desturi hiyo ya kuitenga njia ya kufundisha na mazingira yanayoibeba. Tutachukua eneo moja, yaani Bukoba na Muleba katika Mkoa wa Kagera, ambalo kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja limekuwa uwanja wa majaribio kadhaa ya kuwafundisha watu wazima. Majaribio hayo yalitumia njia tofauti, na mengine yalipingana waziwazi. Hata hivyo tutaona kwamba yalipofaulu yalifaulu kwa sababu zinazofanana, na yalipodhoofika yalidhoofika pia kwa sababu zinazofanana.

Hoja yetu ni hii. Njia nzuri humfungulia mtu mzima mlango wa kujifunza, lakini kinachomfanya aendelee ni tegemeo analolipata baada ya mwalimu kuondoka. Kwa neno tegemeo tunamaanisha mambo manne: kikundi cha wenzake, maandishi katika lugha anayoimudu, mwalimu ambaye naye ametunzwa, na muda uliookolewa kutoka katika kazi nyingine. Palipokosekana hayo manne, hakuna njia iliyodumu, iwe ya zamani au ya kisasa.

2. Wasomaji wa kwanza

Wamisionari wa Kikatoliki walianzisha kituo chao Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Wajerumani hao walipofika hawakukuta nchi isiyojua kitabu. Walikuwapo tayari Wahaya waliojifunza kusoma Buganda au kwa watu waliotoka Buganda, ambao walikutana katika vikundi vidogo wakisali na kusoma. Miongoni mwa viongozi wao anakumbukwa Andereya Kajerero, ambaye baadaye alikuwa mchungaji. Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wa Bukoba tangu 1961 hadi 1964, ameieleza historia hiyo kwa kirefu katika kitabu chake Bara Bukoba.

Tuangalie njia iliyotumika. Vitabu vilikuwa vya Kiganda, lugha iliyo jirani na Kihaya lakini si lugha ya nyumbani. Mafunzo yalikuwa ya kutamka silabi, kurudia, na kuyaweka maneno moyoni. Kwa kipimo cha wataalamu wa leo, hiyo ni njia mbovu: lugha ni ya kuazima, hakuna majadiliano yaliyopangwa, na kumbukumbu imetukuzwa. Lakini watu wazima walijifunza, nao wakawafundisha wengine. Katika nchi hizo za kandokando ya ziwa Mkristo aliitwa msomaji, na kuanza kusoma na kuanza kuamini yalitajwa kama jambo moja.

Kwa nini njia hiyo duni ilizaa? Jibu linapatikana nje ya njia yenyewe. Msomaji hakusoma peke yake. Kitabu kimoja kilipita mikononi mwa watu wengi, na yule aliyejua ukurasa mmoja alimfundisha yule asiyeujua. Aidha walikuwa na sababu kubwa ya kusoma, sababu ambayo baadhi yao waliilipia kwa kuchukiwa na wakubwa wao. Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, vikundi havikutawanyika. Shule inayomtegemea mwalimu mmoja hufungwa siku anapoondoka. Kikundi kilichozoea kujifundisha huendelea.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya kukariri, maana ndilo linaloshutumiwa kuliko mengine. Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kuona katika ukaguzi wa makanisa ya Saksonia jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi, alishauri katika dibaji yake hatua tatu. Kwanza watu wafundishwe maneno yaleyale, kwa namna moja isiyobadilika, mpaka wayajue kwa moyo. Kisha waelezwe maana yake. Mwishoni wapewe maelezo mapana zaidi. Na sehemu kuu za kitabu hicho zilikusudiwa baba wa nyumba awafundishe watu wake. Kwa hiyo kukariri kulikuwa hatua ya kwanza kati ya tatu, na mahali pake palikuwa nyumbani, kati ya watu waliokula pamoja. Sisi tulichokifanya mara nyingi ni kuichukua hatua ya kwanza, kuziacha mbili zilizofuata, na kumwondoa mwenye nyumba. Kisha tukailaumu kumbukumbu.

Wahaya wenyewe wanajua kumbukumbu iliyo hai. Waimbaji wa enanga, ambao tendi zao zimechunguzwa na Profesa Mugyabuso Mulokozi, hutunga na kuimba habari ndefu za mashujaa bila kitabu mbele yao. Mwimbaji wa enanga ana wasikilizaji wanaoijua hadithi, wanaomwitikia, na wanaotambua anapopotoka. Kumbukumbu yake inatunzwa na jamii. Huwezi kuilinganisha na kumbukumbu ya mwanafunzi anayekesha peke yake akimeza kurasa arobaini za maandishi aliyoamuliwa darasani, ili ayatapike asubuhi na kuyasahau jioni. Jina ni moja lakini mambo ni mawili.

Tusiwasifu wasomaji wa kwanza kupita kiasi. Kusoma kulikofungwa kwenye matayarisho ya ubatizo kulikuwa na hatari ya kukoma siku ya ubatizo. Pale ambapo hakikuwapo kitabu cha pili, msomaji alibaki na kile alichokijua kwa moyo, na macho yakasahau herufi. Tutaikuta hatari hiyohiyo miaka sitini baadaye, katika mradi mkubwa zaidi na wenye fedha nyingi zaidi.

3. Kitabu cha migomba

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Tarehe 31 Desemba 1969, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kati ya matukio hayo mawili ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 unaitwa Kagera. Mradi huo, uliosaidiwa na UNESCO, ulikuwa na makao yake Mwanza na uliendeshwa kuanzia 1968 hadi 1972. Ulikuwa sehemu ya mpango wa dunia uliopendekezwa katika mkutano wa Teheran mwaka 1965.

Wazo lake lilikuwa zuri na jipya. Mtu mzima asifundishwe kusoma kwa vitabu vya watoto. Afundishwe kwa mambo ya kazi yake, ili herufi na maarifa ya kazi viingie pamoja. Mkulima wa pamba wa Usukuma akapata kitabu cha pamba, mvuvi akapata cha uvuvi, na mkulima wa migomba akapata cha migomba. Kwa Mhaya, ambaye mgomba ni chakula chake, kivuli cha kahawa yake na kinywaji cha sherehe zake, hakuna somo ambalo lingeonekana kuwa karibu zaidi.

Mafanikio ya kampeni iliyofuata nchi nzima hayapaswi kubezwa. Mwaka 1967 takribani asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mitihani ya taifa ya mwaka 1975 idadi hiyo ilihesabiwa kuwa asilimia 39, baada ya ile ya 1977 asilimia 27, na kufikia 1986 ilitajwa kuwa takribani asilimia 10. Nchi chache maskini zimefanya hivyo kwa muda mfupi namna hiyo. Hata hivyo sensa ya mwaka 2002 ilikuta kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma. Ni kweli kwamba vipimo havikuwa sawa: kampeni ilipima kwa mtihani wenye madaraja, na sensa huuliza tu. Lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa kwa vipimo peke yake. Watu walifunguliwa mlango, kisha wengi wakarudi nje. Hatuna budi kuuliza kwa nini, na tunaamini kwamba kitabu cha migomba kinaweza kutusaidia kujibu.

Kwanza ni swali la nani mwenye mgomba. Kitabu cha kilimo bora hudhani kwamba anayesoma ndiye anayeamua juu ya shamba. Katika madarasa ya kisomo nchini wanawake walikuwa wengi. Na katika Buhaya mwanamke hulima maharage chini ya migomba na hupanda njugu mawe huko rweya, lakini kibanja chenyewe ni cha ukoo, na kwa desturi hurithiwa na wanaume. Mama huyo akifundishwa nafasi kati ya shina na shina, anafundishwa jambo ambalo hana uwezo wa kulitekeleza. Kisomo kiliitwa chenye manufaa, lakini manufaa hayo yalipimwa kwa zao kuliko kwa msomaji.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyekuwa ameuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Mahakama ilisema kwamba desturi iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi hiyo, huku ikimruhusu mwanamume, ilipingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Tunalitaja shauri hilo kwa sababu moja. Msingi wake ulikuwa maandishi: wosia wa baba na maneno ya Katiba. Kama mtu angeuliza mwaka 1968 ni maandishi gani yenye manufaa zaidi kwa mwanamke wa Bukoba na Muleba, jibu lingeweza kuwa wosia, hati na barua ya baraza la ukoo, kabla ya mbolea na matandazo. Lakini swali hilo halijibiwi na mtaalamu aliye mbali. Hujibiwa na wanafunzi wenyewe wakiulizwa. Mpango wa MUKEJA, ulioanza kwa majaribio katika miaka ya 1990, ulilitambua jambo hilo ulipowaachia wanakisomo kuchagua wanachotaka kujifunza.

Pili ni swali la lugha. Vitabu viliandikwa kwa Kiswahili, na sababu za kitaifa za kufanya hivyo zilikuwa nzito, hatuzipingi. Lakini kwa mama wa kijijini aliyeishi maisha yake yote katika Kihaya, kila somo lilikuwa masomo mawili: kuijua herufi na kulijua neno. Mwalimu alieleza kwa Kihaya kilichoandikwa kwa Kiswahili, na maelezo hayo hayakuandikwa popote. Alipoondoka aliondoka nayo. Kama daraja hilo kati ya lugha mbili lingewekwa kwenye karatasi, hata kwa orodha fupi ya maneno nyuma ya kitabu, lingebaki kijijini.

Tatu ni swali la mwalimu na la kitabu cha pili. Walimu wengi wa kampeni walikuwa watu wa kujitolea, wakiwemo wahitimu wa shule ya msingi, waliopata semina fupi na posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Walifanya kazi ya kusifika. Lakini mtu hawezi kuwa tegemeo la wengine kwa miaka mingi ikiwa yeye mwenyewe hana pa kuegemea. Baada ya darasa kilihitajika kitu cha kusoma, na waandaaji walilijua hilo. Mwaka 1974 lilianza kutoka Mwanza gazeti la vijijini la kanda ya ziwa, Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijiji zikaanzishwa. Ndipo yakaja mambo mazito: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo viliwakimbiza watu wa kaskazini ya mto, kudorora kwa uchumi katika miaka ya 1980, ambako kuliifanya karatasi kuwa adimu na magazeti ya vijijini yakatoka kwa kusuasua, na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza watatu nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Bibi aliyezika wanawe na kubaki na wajukuu hakuwa na saa moja ya alasiri ya kukaa chini ya mti na daftari. Hakuna njia ya kufundishia, hata ingekuwa bora namna gani, ambayo ingemrudishia saa hiyo.

Kwa hiyo hatusemi kwamba njia ya kisomo chenye manufaa ilikuwa ya uongo. Tunasema kwamba ilijengwa kwa uangalifu mkubwa mpaka siku ya mtihani, na kwamba yaliyowekwa kwa ajili ya siku zilizofuata yalikuwa mepesi, yakapeperuka upepo ulipovuma.

4. Redio, kikundi na shamba darasa

Jaribio jingine linatupa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1973 ilifanyika nchini kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepewa mafunzo mapema. Kikundi kilisikiliza kipindi, mmoja aliyejua kusoma akawasomea wengine kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Wiki iliyofuata walianza kwa kuulizana nini kimefanyika.

Mtu anaweza kusema kwamba redio ni mhadhara mtupu, maana sauti inatoka upande mmoja wala haiulizwi swali. Ndivyo ilivyo. Lakini mhadhara huo uliwekwa katikati ya tegemeo: kikundi kabla yake, kijitabu pamoja nao, uamuzi baada yake, na maulizo ya wiki iliyofuata. Hapa mhadhara ulizaa majadiliano na kazi. Katika madarasa mengine majadiliano yenyewe hayazai kitu. Tofauti inatokana na kile kilichouzunguka mhadhara.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ililetwa Kagera njia ya shamba darasa, iliyokuwa imeanzia katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989. Wakulima wapatao ishirini na tano hukutana kila wiki kwa msimu mzima katika shamba moja. Huangalia, hupima, hulinganisha, na hukubaliana juu ya hatua. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani katikati ya miaka ya 2000 ukianzia Muleba, maarifa ya kuupiga vita yalikuwa rahisi kuyataja: ondoa ua dume kwa mti wenye panda bila kutumia kisu, safisha panga kwa moto au dawa, ng'oa shina lililougua. Mtu angeweza kuyasoma yote katika bango moja. Lakini bango halimsaidii mkulima anayetakiwa kung'oa mgomba alioupanda baba yake wakati jirani yake hajang'oa. Maarifa hayo yanataka jirani aone, akubali na afanye siku hiyohiyo. Somo la mtu mmoja mmoja haliwezi kuushinda ugonjwa unaopita mpaka wa kibanja.

5. Freire na mbinu shirikishi

Hatuwezi kumaliza uhakiki huu bila kumtaja Paulo Freire, Mbrazili ambaye kitabu chake juu ya elimu ya walioonewa kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970, ambaye alifanya kazi katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Geneva, na ambaye alifika Tanzania katika miaka ya 1970. Aliishutumu elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa kama benki, ambamo mwalimu huweka akiba ya maarifa na kuja kuitoa siku ya mtihani. Badala yake alitaka mazungumzo kati ya watu walio sawa, yanayoanza katika hali halisi ya wanafunzi.

Tunakubaliana na shutuma hiyo katika jambo lake kuu. Hata kasoro tuliyoiona katika kitabu cha migomba ni kasoro ambayo Freire angeitambua mara moja. Lakini wafuasi wake wengi wamechukua mazungumzo wakaacha kazi iliyoyatangulia. Freire alitaka waalimu waishi kwanza na watu, wasikilize maneno yao, na kutoka katika maneno hayo watengeneze somo. Hiyo ni kazi ya miezi. Katika vyuo vyetu mbinu shirikishi mara nyingi humaanisha kwamba mwalimu ambaye hakupata muda wa kuandaa somo huwagawa wanafunzi katika vikundi vya watu wanane, huwapa swali moja, na huondoka. Wanafunzi hawana kitabu cha kuwapa jambo la kujadili, kwa hiyo hujadili wasiyoyajua. Mmoja huandika, wawili huongea, watano husubiri kengele. Kisha matokeo huandikwa ubaoni na kuitwa ushirikishwaji. Mhadhara ulioandaliwa vizuri ungewaheshimu wanafunzi hao zaidi.

Inafaa pia kuliangalia upya neno kujitegemea. Baadhi ya walimu hulitumia kuhalalisha kumwacha mwanafunzi peke yake: yeye ni mtu mzima, basi ajitegemee. Hayo siyo maana ya waraka wa 1967, ambao uliifanya shule kuwa jumuiya inayofanya kazi pamoja. Wengine huogopa kwamba tegemeo likizidi litazaa wanafunzi tegemezi. Hofu hiyo haikosi msingi, na ndiyo maana tegemeo lazima lipunguzwe kadiri mwanafunzi anavyopata nguvu. Lakini mkulima wa Bukoba anajua kwamba mgomba hutegemezwa kwa mti kwa sababu mkungu wake ni mzito. Hakuna anayeutukana mgomba huo kwamba ni mvivu.

6. Funzo kwa vyuo vyetu

Wanafunzi wa vyuo vyetu vya theolojia ni watu wazima. Wengi wamekuja baada ya kufanya kazi ya uinjilisti kwa miaka kadhaa, wameacha familia na shamba, na wanasoma wakijua kwamba ada ya watoto wao inangoja. Baadhi wanasoma kwa Kiswahili, na wale wa shahada hutakiwa kusoma na kuandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo maswali manne tuliyoyaona katika kisomo cha vijijini yanarudi chuoni bila kubadilika sana.

Juu ya kikundi: elimu ya theolojia kwa enezi, iliyoanzia Guatemala mwaka 1963 na kuenea hata katika makanisa yetu, iliujua ukweli huu tangu mwanzo. Mwanafunzi alibaki mahali pake na kazi yake, alisoma kijitabu nyumbani, na alikutana na wenzake na mwalimu kila baada ya muda uliopangwa. Mikutano hiyo ilipokoma, vijitabu vilibaki sandukuni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza masomo mwaka 1994, nacho kiliweka vituo vya mikoa kwa sababu hiyo. Chuo cha bweni hudhani kwamba kina kikundi kwa kuwa watu wanalala jengo moja. Kulala pamoja hakutoshi. Kila mwanafunzi anahitaji wenzake wanne au watano wanaojua anasoma nini wiki hii na wapi amekwama.

Juu ya lugha: tunapendekeza kwamba kila somo linalofundishwa kwa Kiingereza liwe na faharasa ya Kiswahili iliyoandikwa, na kwamba mwanafunzi aruhusiwe kulijadili jambo kwa Kiswahili kabla ya kuliandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi atakayehubiri Kamachumu au Kanyigo atahubiri kwa Kiswahili, au kwa Kihaya. Kama hajapata kuufikiri wokovu katika lugha hizo akiwa chuoni, atautafsiri mimbarani kwa mara ya kwanza mbele ya washarika.

Juu ya mwalimu: insha inayorudishwa baada ya miezi mitatu ikiwa na namba nyekundu peke yake haikufundisha kitu. Lakini mwalimu mwenye masomo matano, usharika wa kuuhudumia Jumapili na mshahara unaochelewa hawezi kuandika maelezo katika insha sitini. Anayetaka mbinu bora na aanze kwa kuihesabu kazi ya mwalimu.

Juu ya muda: wanafunzi wanawake, hasa wenye watoto wadogo, hupoteza saa ambazo wanaume hawapotezi. Kama chuo hakina mahali pa kumwachia mtoto, na ratiba yake imepangwa kana kwamba kila mwanafunzi ana mke nyumbani, chuo hicho kimekwisha kuamua nani atafaulu kabla mtihani haujatungwa. Hilo ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la ufundishaji.

7. Hitimisho

Tumeona kukariri kulikozaa wasomaji, na kukariri kunakoua usomaji. Tumeona mhadhara wa redio uliochimba vyoo, na majadiliano yasiyojadili kitu. Tumeona kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kazi ya mkulima kikamkosa mkulima mwenyewe. Kutokana na hayo hatuoni sababu ya kuendelea kubishana juu ya njia ipi ni bora kwa kila mahali na kila wakati. Swali linalofaa kuulizwa katika kila mkutano wa waalimu ni rahisi zaidi na gumu zaidi: somo hili likiisha leo, nani au nini kitambeba mwanafunzi huyu mpaka somo lijalo, na baada ya kuhitimu, mpaka mwisho?

Wapo akina mama Bukoba na Muleba waliopata vyeti vya kisomo katika miaka ya 1970 na ambao leo huomba wajukuu wawasomee barua. Hawakukosa akili wala bidii, na walimu wao hawakukosa njia. Wapo pia wachungaji na wainjilisti waliohitimu vizuri ambao hawajafungua kitabu kipya tangu siku ya mahafali. Hao wa pili wako mikononi mwetu. Dayosisi inayompeleka mtu chuoni kwa gharama kubwa, kisha ikamweka katika usharika wa mbali bila kitabu, bila mwenzake wa kusoma naye na bila semina, inarudia katika watu wachache kile kilichotokea kwa maelfu. Tofauti ni kwamba sasa sababu zake zinajulikana, na gharama ya kuziondoa, yaani sanduku la vitabu linalozunguka kati ya sharika tano na siku moja kila mwezi ya kukutana, si kubwa kuliko gharama ya mahafali moja.